GOTI LA BANDIA NA DAWA ZA MAUMIVU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mali ya mfanyi kazi ni mwili wake. Wenzetu wanaobeba mizigo, na wale wanaopiga magoti kutwa nzima wakitengeneza sakafu, wengi wao huona goti au nyonga imelika. Siku hizi daktari aweza kukata kiungo kilicholika na kutia cha bandia. Maumivu ya kupasuliwa huko ni makubwa, basi mgonjwa hupewa dawa kali za jamii ya afyuni, kama mofini, kodeini na tramadoli.

Hatusemi dawa hizi ni mbaya. Aliyepasuliwa ana haki ya kutulizwa. Lakini mwili huzizoea: kipimo cha jana hakitoshi leo, na mtu akiacha ghafula hutoka jasho na kukosa usingizi. Ndipo dawa huanza kumtawala.

Je, yaweza kujulikana mapema nani yumo hatarini? Huko Marekani, waganga wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwafuata wagonjwa 574 waliotiwa magoti au nyonga za bandia, na habari yao ikachapishwa mwaka 2016. Katika waliotiwa magoti, wale waliokuwa wakitumia dawa hizi tangu kabla ya kupasuliwa, 53 katika kila 100 walikuwa wangali wakizitumia miezi 6 baadaye. Wale ambao hawakuwa wakizitumia, walikuwa 8 tu katika 100. Zaidi ya hayo, aliyekuwa na maumivu mwili mzima, au hofu kubwa ya maumivu, alikuwa karibu zaidi na hatari.

Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 2017, juu ya upasuaji wa namna nyingi, ulionyesha alama nyingine: tumbaku, ulevi, huzuni nzito na wasiwasi.

Sasa sikilizeni vizuri. Tarakimu hizi ni onyo, si hukumu. Katika wale 100 wa kwanza, 47 waliacha. Na katika wale waliodhaniwa salama, 8 waliendelea. Kwa hiyo asinyimwe dawa mtu kwa sababu ya alama zake, wala asiachwe mtu bila kuangaliwa kwa sababu hana alama.

Twasema mambo manne. Kwanza, mwambie daktari kweli yote juu ya dawa unazomeza, hata zile ulizonunua dukani mwenyewe. Pili, uliza kabla ya kupasuliwa: nitameza kwa siku ngapi, na nitapunguzaje kidogo kidogo? Usiache ghafula bila shauri lake. Tatu, majibu yako ni siri yako na daktari. Yakifika mezani kwa mwajiri, yatakuwa orodha ya kufukuza watu, na hapo hakuna atakayesema kweli tena. Nne, mgonjwa apewe likizo ya kutosha. Anayerudishwa kwenye magunia kabla goti halijapona atameza vidonge ili aweze kusimama, na kosa hilo si lake.

Mwenzenu akishikwa na dawa, msimcheke. Mpelekeni kwa daktari, kisha mleteni kwa karani wa tawi tumtetee kazi yake.