Mlevi Anayetaka Kutoka: Usimpeleke Mwanao Mahali Usipopajua

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi na walezi wa madrasa, Lushoto)

 

 

Leo sikuja kuzungumzia uharamu wa ulevi. Hapana hata mmoja kati yenu asiyeujua, na mlevi mwenyewe anaujua, pengine kwa uchungu zaidi kuliko sisi. Nimekuja kuzungumzia jambo ambalo mimbari zetu huliacha. Mtoto ameshazama, sasa anataka kutoka, na mzazi anauliza: nimpeleke wapi? Swali hili wengi wetu hulijibu kwa haraka na kwa kubahatisha. Na niseme tangu mwanzo kwamba mimi mwenyewe nililijibu vibaya.

Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mzee mmoja wa kijiji cha jirani. Kijana wake alikuwa mpakiaji wa mboga kwenye malori yanayoshuka Mombo kuelekea Dar es Salaam. Alianza na pombe ya miwa, akaingia kwenye gongo, hata ikawa haamki asubuhi ila mikono inatetemeka mpaka anywe. Mzee akaniambia, "Ustadhi, nifanye nini?" Nami, pamoja na vitabu vyote nilivyovisoma, nikamjibu, "Mzee wangu, mfungie ndani siku saba. Mpe maji na uji, msomee Qur'ani, asionane na wenzake. Pombe itamtoka."

Usiku wa pili kijana alishikwa na degedege. Akawa anaona wadudu ukutani na kusema na watu wasiokuwepo. Jirani akasema ni majini, nikaitwa nikasome. Nilimkuta anatetemeka mwili mzima, anachemka kwa homa, na mama yake amemshika kichwa. Alhamdulillahi, palikuwa na binti wa ukoo ule, muuguzi wa zahanati. Akaniambia kwa adabu, "Ustadhi, huyu asomewe akiwa njiani kwenda hospitali." Tukambeba kwa machela hadi barabarani. Daktari aliyempokea alitueleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka, ukinyimwa ghafla, huweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na wako wanaokufa kwa hali hiyo. Yapasa pombe itolewe kwa dawa, chini ya uangalizi. Kijana alipona. Lakini kama angekufa, angekufa kwa fatwa yangu.

Tangu siku ile nimejiwekea ahadi ya kutompa mzazi jibu la jambo hili kabla sijajua.

MARADHI SI YA NAMNA MOJA

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuwa hakuna "kituo kizuri" kwa kila mtu. Kiko kituo kinachomfaa mgonjwa huyu, kwa maradhi haya.

Mlevi wa pombe kali hatari yake kubwa ni zile siku chache za mwanzo. Huyu huanzia hospitali.

Mtumiaji wa heroini, ambayo vijana huiita unga, mateso yake ya kuacha, yaani arosto, ni makali mno, lakini mara chache humuua mtu mzima mwenye afya. Hatari yake kubwa huja baadaye. Akikaa miezi bila kutumia, mwili husahau kile kiwango cha zamani. Akirudi siku moja tu akatumia kama alivyozoea, pumzi hukatika. Wengi hufa wakiwa wametoka kuacha.

Ama mvutaji wa bangi, na mlaji wa mirungi aliyezidisha, wako miongoni mwao wanaochanganyikiwa akili. Huyu anahitaji tabibu wa magonjwa ya akili. Kumweka mahali pasipo na tabibu huyo ni kumpotezea muda.

Hivyo basi, kabla ya kuuliza kituo kiko wapi, mzazi aulize: mwanangu anatumia nini, kiasi gani, tangu lini, na je, amewahi kupata degedege au kusikia sauti? Majibu haya yaandikwe kwenye karatasi.

VITUO VINAVYOTUHUSU WATU WA USAMBARA

Kwanza ni hospitali ya wilaya na vituo vyetu vya afya. Wengi hupaona kuwa ni pa malaria na uzazi tu. La! Hapo ndipo mlango wa kwanza kwa mlevi wa pombe, na hapo ndipo huandikwa barua ya rufaa.

Pili ni Lutindi, katika milima yetu hii hii, upande wa Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walianza pale mwaka 1896 kwa kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Mbali na dawa, mgonjwa hupewa kazi za shamba na za mikono, ili azoee tena kuishi kwa utaratibu. Panafaa zaidi kwa yule ambaye ulevi umemgusa akili. Kwa hali nzito zaidi iko Mirembe, Dodoma, hospitali ya taifa ya afya ya akili.

Tatu ni kliniki ya methadoni iliyoko hospitali ya Bombo, Tanga. Methadoni ni dawa ya maji anayokunywa mtumiaji wa heroini kila siku mbele ya mhudumu. Huondoa arosto na kiu ya unga bila kumlewesha yule aliyepimiwa kiwango chake sawasawa. Hapa nchini ilianza Muhimbili mwezi wa Februari 2011, kisha ikaenea mikoani, nayo hutolewa bila malipo. Lakini angalieni: dawa hii haimfai mlevi wa pombe wala wa bangi. Aidha huchukuliwa kila siku, na kutoka hapa hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 150. Kijana wa Mlalo au Mtae hawezi kushuka na kupanda kila siku. Mzazi anayechagua njia hii ahesabu kwanza mahali pa kulala Tanga, kwa ndugu mwaminifu, na kazi ya kumshughulisha. Dawa ni bure, kuishi mjini si bure.

Nne ni nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi. Mara nyingi huendeshwa na watu waliokuwa watumiaji wakaacha. Mgonjwa hukaa miezi kadhaa akiishi bila kilevi, kwa ratiba, mazungumzo na ushauri. Zimewanufaisha watu wengi Zanzibar na Bara. Lakini kwa kawaida familia hulipa, na ubora wake hutofautiana kama usiku na mchana. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, ndiyo inayozisimamia kwa upande wa Bara. Mzazi anaweza kuiuliza kwa simu namba 119, bila malipo.

NENDA UKATAZAME

Baada ya kijana yule kutoka hospitali, mimi na baba yake tulikwenda kutazama nyumba mbili. Sizitaji, kwa kuwa sikuja kusifu wala kusengenya.

Ya kwanza ilikuwa na geti lenye kufuli. Tuliuliza jina la daktari au muuguzi wao, hatukutajiwa. Wagonjwa wa unga na waliochanganyikiwa akili walilala chumba kimoja. Msimamizi akatwambia mzazi haruhusiwi kumwona mwanawe kwa miezi mitatu, na fedha zote zilipwe siku ile ile. Akatuahidi kwamba kijana atapona kabisa.

Katika nyumba ya pili, kabla hatujauliza lolote, tuliulizwa sisi: anakunywa nini, kiasi gani, amewahi kupata degedege? Tulipojibu, msimamizi akasema, "Huyu hatumpokei mpaka hospitali ithibitishe kuwa pombe imemtoka salama." Mzee alikasirika, akidhani tumefukuzwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, anayejua mpaka wake ndiye wa kumwamini."

Kutokana na safari ile nawapa maswali sita. Ulizeni popote muendapo, kisha mlinganishe majibu.

Moja: Mmesajiliwa, na cheti kiko wapi?

Mbili: Akizidiwa usiku, ni tabibu gani anaitwa, na ni hospitali gani anapelekwa?

Tatu: Je, hufunga watu kwa minyororo au kuwapiga? Msiulize msimamizi peke yake. Angalieni mikono na miguu ya waliomo.

Nne: Naweza kumwona mwanangu lini? Siku chache za mwanzo bila wageni zaweza kuwa na hekima. Miezi bila kumwona ina mashaka.

Tano: Gharama yote ni kiasi gani, na akitoka kabla ya muda fedha iliyobaki inarudi?

Sita: Akimaliza, nani atamfuatilia? Asiye na jibu la swali hili ana nusu ya tiba.

Na anayekuahidi kuwa mwanao hatarudia kamwe, muepuke. Maradhi haya hurudia, na tabibu mkweli hukwambia hivyo mapema.

MASWALI MAWILI YA DINI

Najua mtakaloniuliza: Ustadhi, watuelekeza Lutindi, nayo ni ya Walutheri? Ndiyo, nimewaelekeza. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, roho yake na ya Abubakar zikiwa hatarini, mwongoza njia wao alikuwa Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu. Alichaguliwa kwa kuwa alikuwa mwaminifu na aliijua njia. Basi na sisi tuulize hayo mawili, uaminifu na ujuzi. Kisha tuombe mgonjwa wetu aachiwe nafasi ya sala na chakula cha halali, na tumtembelee. Wala tusisahau kuwa kutibu akili ni urithi wetu pia. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284 kwa waqfu, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Tukiona uchungu kwamba milimani hapa hatuna yetu, dawa ya uchungu huo ni kujenga. Kumnyima mgonjwa iliyopo si dawa.

Swali la pili: je, methadoni si kubadilisha kilevi kwa kilevi? Fuqahaa wamejadili dawa ya dharura inayotolewa na tabibu kwa kipimo, kwa kuondoa madhara makubwa zaidi, nao wameitenga na ulevi wa kutafuta starehe. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Iran huitumia kwa wingi, na nchini Malaysia mwaka 2010 msikiti mmoja wa Kuala Lumpur ulifungua mlango wake ili itolewe hapo hapo, pamoja na mawaidha. Na anayeuchukia mwendo wa polepole akumbuke kwamba uharamu wa pombe katika Qur'ani wenyewe ulishuka kwa hatua, kutoka al-Baqara hadi an-Nisaa, ukakamilika katika al-Maida. Allah (S.W.) aliwajua waja Wake.

AKIRUDI NYUMBANI

Serikali ilipiga marufuku viroba Machi 2017, na ilifanya vyema. Lakini kuondoa chupa sokoni hakumtibu aliyekwisha kuizoea. Vivyo hivyo, kumtoa mtu kituoni akiwa mzima hakumlindi akirejea kwenye kijiwe kile kile, bila kazi, huku sisi tukimwita teja hata baada ya kuacha. Nimeona kwa macho yangu msikitini watu wakisogea pembeni kijana wa namna hii anapoingia kwenye safu. Ndugu zangu, kama safu ya sala haina nafasi yake, kijiwe kinayo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, tuchague wazee wawili na mama mmoja wa kufuatana na kila mzazi anayekwenda kutazama kituo. Mwenye uchungu huona geti tu, asione kufuli. La pili, sehemu ya sadaka zetu itengwe kwa nauli, ili asiyekuwa na kitu asilazimike kuchagua kituo kwa sababu tu ndicho kilicho karibu. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye mgonjwa ndani na aje, na siri yake itakuwa amana.

Mtaniuliza habari za kijana yule. Alikaa katika ile nyumba ya pili, akarudi, akaanguka mara moja, baba yake akamrudisha hospitali bila kumfungia ndani. Leo analima karoti pamoja na baba yake. Sisemi amepona moja kwa moja. Nasema jana hakunywa, na leo nilimwona katika safu ya Alfajiri, bega lake na bega langu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na atusamehe sisi tuliotoa majibu bila ujuzi. Amin.