Moto Uliofichwa Katika Hewa



Kila mtu aliyepata kutia upepo gurudumu la baisikeli katika njia ya Bungoma kwenda Kitale anajua ya kuwa pampu hupata joto mkononi. Wengi hudhani ni msuguano tu. Lakini sehemu kubwa ya joto hilo yatoka katika hewa yenyewe, maana hewa ikisongwa kwa ghafula mahali padogo huwa moto. Ikisongwa hata ibakiwe na sehemu 1 tu katika 20 ya nafasi yake ya kwanza, yaweza kuwasha pamba iliyochomwa.

Zamani wazee wa nchi hizi walipata moto kwa kupekecha. Ulindi ulizungushwa juu ya wimbombo mpaka kaa likatokea. Watu wa Burma, Malaya na Borneo walikuwa pia na njia nyingine: walishindilia kijiti ndani ya bomba dogo. Mwaka 1807 hati ya uvumbuzi wa chombo cha namna hiyo ilitolewa Uingereza.

Chombo hicho chaweza kufanywa nyumbani. Huchukuliwa ncha ya pembe ya ng'ombe, ile sehemu nzito isiyo na uwazi wala ufa, ikatobolewa tundu lenye upana wa penseli na kina cha sentimeta 8, lisitokee upande wa pili. Kisha huchongwa kijiti cha mti mgumu chenye kichwa kipana cha kupigwa kwa kiganja. Kikifika mwisho, kibakize nafasi ya milimeta 3 tu. Ncha yake huchimbwa kishimo kidogo, na juu ya kishimo hukatwa mfuo wa kuzungushiwa uzi uliopakwa mafuta mazito.

Kitambaa cha pamba huchomwa ndani ya kopo lililofunikwa mpaka kiwe cheusi, na kipande chake hutiwa katika kishimo. Kijiti hupigwa pigo moja la nguvu, kikachomolewa mara moja. Kaa jekundu likionekana, hupulizwa polepole juu ya majani makavu.

Kisipowaka, fundi atazame uzi kwanza, kwa kuwa hewa ikivuja, hakuna moto. Kitale ni juu ya bahari kadiri ya mita 1,900, na asubuhi zake zina baridi kuliko za Bungoma. Basi chombo kipashwe joto mkononi, kisije kikanyonya joto la hewa. Petroli na mafuta ya taa yasitiwe ndani kamwe, wala bomba lisiwe la kioo, maana laweza kupasuka.

Jambo hili si mchezo wa watoto tu. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, Rudolf Diesel wa Ujerumani alionyesha injini iliyowasha mafuta yake kwa hewa iliyosongwa, pasipo cheche. Ndiyo asili ya injini za matrekta ya Trans Nzoia na za vinu vingi vya mahindi. Kwa hiyo mwenye kinu ambaye injini yake inakataa kuwaka asubuhi, ingawa mafuta yanafika vizuri, na akumbuke ule uzi wa kijiti: achunguze vali, na zile pete za pistoni ambazo mafundi huziita ringi. Tena asafishe chujio la hewa kila mara, kwa kuwa vumbi ndilo linalozila ringi hizo, na kinu kikisimama, jamaa nyingi hulala bila ugali.