Ng'ombe Akikataa Kula, Nani Huulizwa?

Katika nyanda za juu za kati nchini Kenya, mfugaji ambaye ng'ombe wake wa maziwa amekataa kula humuuliza kwanza jirani. Jirani yu karibu, hatozi kitu, na huenda naye aliwahi kupoteza ndama kwa dalili zizo hizo. Kutoka hapo ni kwenye agroveti, duka la dawa za mifugo. Daktari wa mifugo mara nyingi huitwa mwishoni, hali ikiwa imeshaharibika.

Haikuwa hivyo siku zote. Hadi miaka ya 1980, matibabu ya mifugo na majosho vilikuwa kazi ya serikali, kwa gharama nafuu. Mageuzi ya uchumi yakaiachia sekta binafsi sehemu kubwa ya kazi hiyo, na tangu 2013 huduma za mifugo zimo mikononi mwa kaunti. Mwenye ng'ombe wawili sasa hupiga hesabu ya mafuta ya pikipiki ya daktari kabla ya kumpigia simu.

Agroveti haidai ada ya ushauri. Faida imo ndani ya chupa. Tatizo ni kwamba muuzaji hutibu maelezo, mnyama mwenyewe hajamwona. "Ana homa, hali" yaweza kuwa magonjwa mengi. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa masikioni, hupandisha joto kupita nyuzi 40, wakati ng'ombe mzima huwa na takriban 38.5. Tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, na hizo hazipapaswi kutoka kaunta ya duka. Mfugaji akiondoka na oksitetrasaikilini, dawa isiyotegemewa kuponya ndigana iliyokwisha kujitokeza, siku zinapotea. Buparvakwoni, dawa ya ndigana yenyewe, hufaa zaidi ikidungwa mapema.

Simu imesaidia kiasi. Huduma ya iCow, iliyobuniwa na Su Kahumbu, hutuma ujumbe mfupi kufuatana na kalenda ya ng'ombe. Redio nayo hufundisha kinga vizuri kuliko inavyotambua ugonjwa.

Penye ushirika wa maziwa unaotoa huduma za mifugo, mambo hurahisika: daktari huja leo, gharama hukatwa kwenye malipo ya maziwa mwisho wa mwezi. Anayemuuzia mchuuzi kwa fedha taslimu hana nafasi hiyo, naye hurudi kwa jirani.