Mjulishe mama kuwa uko hai, bila kutaja unakolala

[Muziki wa kufungua, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Mazungumzo ya leo yanatoka Nkungu, wilaya ya Rusizi, ilipo kambi ya mapito ya Nyarushishi. Ng'ambo ya Mto Ruzizi ni Kongo. Mtu amevuka mto tu, lakini waliobaki nyuma hawajui kama yu hai.

Tuchukue mfano. Tumwite Mama Zawadi. Amevuka na watoto wawili. Anataka mama yake apate habari. Lakini kuna mtu aliyemtishia kabla hajakimbia, na anajua kuwa barua ikifika kijijini itapita mikono mingi. Akiandika aliko, anaogopa. Akinyamaza, mama yake anaweza kuomboleza wajukuu walio hai. Afanye nini?

Mama Zawadi, kama tishio ni kubwa, kwanza zungumza faraghani na mfanyakazi wa ulinzi wa HCR. Baada ya hapo kuna njia tatu za kufikiria.

Njia ya kwanza ni posta. Katika nchi zetu barua nyingi haziletwi mlangoni, huenda kwenye sanduku. Tanzania huandika S.L.P., Rwanda na Kongo huandika B.P. Kwa hiyo mtu anayesoma bahasha anaona sanduku, haoni nyumba. Kama parokia, shule au mtu unayemwamini ana sanduku, mwombe ruhusa, kisha chini ya jina lako andika "kwa mkono wa" na jina lake. Lakini angalia: posta hupiga muhuri, na muhuri huonyesha mahali barua ilipopokelewa. Sanduku linaficha nyumba, haliufichi mji.

Njia ya pili ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ni karatasi maalum ya habari za familia, na hulipii chochote. Akitokea mtu anayekudai pesa kwa huduma hiyo, usimpe, toa taarifa. Karatasi hiyo husomwa na wahudumu ili kuhakikisha ina habari za familia tu. Siasa, majeshi na mambo ya vita hayaandikwi humo. Mjitolea humtafuta mwenye jina hadi ampe mkononi, na asipopatikana, ujumbe hurudishwa kwako.

Sasa sikiliza vizuri. Karatasi hiyo ina mahali pa anwani ya anayetuma, ili jibu lirudi. Kwa hiyo mweleze mjitolea hofu yako kabla kalamu haijagusa karatasi. Muulize: "Je, anwani yangu inaweza kuandikwa kuwa ni ya ofisi yenu?" Muulize pia ni nani watakaoisoma na itafikaje. Ukiwa hujaridhika na jibu, una haki ya kusubiri.

Na kama hujui mama yako yuko wapi, unaweza kuomba atafutwe. Akipatikana, huulizwa kwanza kama anakubali wewe upewe anwani yake. Wewe nawe ukitafutwa na mtu, unaulizwa vivyo hivyo. Unaweza kusema: "Mwambieni niko hai, msimwambie niko wapi."

Njia ya tatu ni simu. Ni ya haraka, lakini namba inasema mengi. Ikianza na 250, anayeiona anajua ni ya Rwanda. Ikianza na 243, ni ya Kongo. Katika kambi nyingi Msalaba Mwekundu husaidia watu kupiga simu kwa familia bila malipo. Kabla ya kupiga, uliza ni namba gani itakayoonekana upande wa pili.

[Muziki mfupi]

Wazee wanakumbuka mwaka 1994. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, familia nyingi zilitawanyika, na BBC ilianzisha kipindi kilichoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Redio ilisaidia watu kutafutana. Lakini jina likisomwa redioni linasikiwa na ndugu, na linasikiwa na adui pia. Ndiyo maana mwenye hofu kama ya Mama Zawadi anahitaji karatasi inayokwenda kwa mtu mmoja.

Bado kuna jambo moja. Bahasha inaweza kunyamaza, na barua yenyewe ikasema. Usitaje jina la mlima, shule ya watoto, namba ya hema wala siku ya kuhamishwa. Ukituma picha, tazama nyuma yako: kuna kibao? Kuna tangi lenye maandishi? Simama mbele ya turubai tupu. Usimdanganye mama yako. Mwandikie tu: "Mahali nilipo nitakuambia siku tukionana."

Halafu weka neno ambalo ninyi wawili tu mnalijua: jina alilokuita utotoni, au wimbo aliokuwa akiimba akitwanga. Hapo atajua kuwa ni wewe kweli, wala si mtu anayetumia jina lako.

Ukihamishiwa kambi nyingine, kumbuka kumwarifu mjitolea kabla ya kupanda gari. La sivyo, jibu la mama litafika mahali ambapo haupo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani kijijini kwako anaweza kupokea barua bila kuionyesha kwa wengine?
2. Ni maneno gani katika barua yako ya mwisho yaliyoonyesha unakoishi?
3. Katika kambi yenu, mjitolea wa Msalaba Mwekundu anapatikana wapi, na siku zipi?

MTANGAZAJI: Mpe jirani karatasi hii akimaliza kupika.

[Muziki wa kufunga]