Kabla ya Kushusha Roshani, Pitia Afisini

(Hotuba kwa wakaazi wa Mji wa Kale, Mombasa)



Mgeni akifika Mombasa hupelekwa kwanza kupiga picha penye Mapembe ya Ndovu, Barabara ya Moi. Pembe zile ni za aluminiamu. Ziliwekwa miaka ya 1950, na sasa ndizo nembo ya mji wetu.

Kisha hupelekwa Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Waomani waliiteka mwaka wa 1698, na Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Tangu mwaka wa 2011 imo kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za dunia.

Ngome ina walinzi na mafundi wake. Hatua chache kutoka langoni, mambo ni tofauti. Nyumba za Mji wa Kale, zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, ni mali ya familia zenu. Zikipotea, hakuna atakayeweza kuzirudisha.

Mara nyingi haziharibiwi kwa nia mbaya. Ukuta umeanza kumeguka, fundi anaupiga plasta ya saruji. Lakini kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa huacha unyevu na chumvi vitoke; saruji huvifungia ndani, na baada ya muda ukuta huoza zaidi. Fundi anayejua chokaa atakuokolea pesa.

Tunajua ukarabati ni ghali, na hatusemi mtu akae katika nyumba inayovuja kwa sababu ni ya zamani. Tunachoomba ni hiki: Mji wa Kale ni eneo la hifadhi kisheria. Kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa au kushusha roshani, peleka mchoro wako kwa afisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa na kwa idara ya mipango ya kaunti. Nenda mapema, kabla hujanunua vifaa. Kurekebisha mchoro ni rahisi kuliko kubomoa ukuta uliokwisha kujengwa.

Na vijana, ulizeni wazee nyumba yenu ilijengwa na nani. Mwandike majibu. Kumbukumbu nayo hubomoka.