Bakhita Alikataa

Msikilizaji, tarehe 29 Novemba 1889, mjini Venice, Italia, ilitamkwa rasmi kwamba mwanamke mmoja kutoka Darfur, Sudani, hakuwa mtumwa wa mtu. Tunamjua kwa jina la Bakhita, nalo alipachikwa na waliomteka. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limemtoka kichwani kwa hofu, maana aliibwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akauzwa tena. Mwilini alikuwa na makovu zaidi ya mia moja. Alichanjwa kwa wembe kwa amri ya waliommiliki, kisha chumvi ikasuguliwa vidondani.

Kilichomfikisha mbele ya wakubwa wa Venice ni neno moja: sitaki. Alikuwa yaya wa mtoto wa familia iliyompeleka Italia, na walipokuwa safarini waliwaachia masista wa shirika la Wakanosa wamtunze Bakhita. Huko alifundishwa kwamba Mungu anampenda. Bibi wa nyumba aliporudi kumchukua, Bakhita akagoma kuondoka. Wengi humsifu kwa kuwasamehe waliomtesa, na ni kweli aliwasamehe. Lakini tusiiruke siku hii ya kukataa. Aliyeambiwa kwamba ni mtoto wa Mungu, akaamini, hakubali tena kuwa mali ya mtu.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Baadaye alikuwa akikibusu kisima cha ubatizo, akisema hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu. Na hakuwa ametoa sadaka yoyote kubwa, hakuwa na cheo, hakuwa na ukoo wa kumtetea. Inaniuma tunapowahubiria watu upendo wa Mungu kana kwamba ni mshahara wa wachapakazi wa kanisani. Bakhita alipendwa kwanza. Mengine yote yalifuata.

Yaliyofuata yalikuwa kazi za kila siku. Akawa sista, na kuanzia mwaka 1902, katika mji wa Schio, alipika, alidarizi, alishika zamu ya mlangoni. Watoto wa shule walipoingia aliwawekea mkono kichwani. Yeye aliyepigwa utotoni! Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu.

Nimemleta hewani asubuhi hii kwa ajili ya dada wa kazi aliyeamka kabla yetu kuchemsha chai. Yupo anayekula amesimama jikoni huku sisi tumeinamisha vichwa mezani tukimshukuru Baba yetu. Baba yetu ni baba yake pia. Basi avute kiti, akae nasi. Mshahara wake ufike mkononi mwake mwenyewe, tarehe ile ile tuliyoahidi. Na kama bado hatujamuuliza kwao ni wapi na mama yake hajambo, tumuulize leo, na tukae tumsikilize.