Utunzaji wa Santuri Katika Pwani ya Kismayo

Ndugu wasikilizaji, na hasa nyinyi askari wa jeshi na polisi mlioko Kismayo na katika visiwa vya Wabajuni, jioni hii twazungumza juu ya santuri.

Huenda askari akauliza: santuri zamhusu nini mwenye kushika bunduki? Zamhusu sana. Horseed ilikuwa bendi ya jeshi, na Heegan bendi ya polisi. Nyimbo nyingi zilizopendwa nchini zilipigwa na watu wenye sare. Na katika vita vya mwaka 1988, kule Hargeisa, kanda za redio zilifukiwa ardhini zisiangamizwe na mabomu, nazo zikaokoka. Lakini sahani iliyomo nyumbani mwa raia haina mlinzi ila mikono inayoishika.

Pwani yetu si rafiki wa santuri. Upepo huleta mchanga na chumvi. Sindano ikipita juu ya chembe ya mchanga huisaga ndani ya mstari, na sauti iliyokwaruzwa hairudi tena.

Kabla ya kusafisha, itambueni sahani. Zile nzito za kale, zizungukazo mara 78 kwa dakika, kama alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, zilitengenezwa kwa lakri, na spiriti huiyeyusha lakri. Mtu mwenye nia njema, kwa pamba na spiriti ya zahanati, aweza kuufuta wimbo usiopatikana kwingineko! Hizo zipanguswe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, zikaushwe papo hapo. Sahani za plastiki, za mizunguko 33 au 45, hustahimili maji zaidi, mradi si ya kisima, kwa kuwa yakikauka huacha chumvi. Karatasi ya katikati isiloweshwe kamwe.

Kisha zisimamishwe wima kama vitabu, zisirundikwe, zisiegemezwe ukuta wa mawe wenye unyevu, wala zisiwekwe chini ya mabati. Plastiki hupindika kwa joto, na majalada huota kuvu.

Nanyi mnapopekua nyumba, sanduku la santuri lisitupwe garini. Lakri huvunjika kama kigae. Libebwe wima, sahani zihesabiwe mbele ya mwenyewe, naye apewe hati yenye idadi yake.